Mlango Niliofunga Kabla ya Kibwezi

Mtoto akipanda treni mara ya kwanza, usimwahidi ndovu. Mwahidi dirisha. Dirisha lipo, na hakuna mtu atakayelihamisha. Ndovu ana shughuli zake.

Nawaambia hivi nyinyi mliozaa juzi mnaotaka kuwapeleka watoto pwani kwa treni. Nawaambia pia nyinyi wasichana mlioandikwa kazi ya kusafisha mabehewa, mkidhani ni kusukuma tambara huku mkitazama simu. Kazi hiyo nimeifanya kwanza katika treni ya zamani, halafu katika hii mpya, mpaka nikastaafu. Shule niliacha darasa la nne. Haya ninayoyajua nimeyaokota chini ya viti, na moja nililipata kwa aibu. Hilo nitalisema, lakini acheni nianze na mengine.

Ukitoka Nairobi asubuhi kwenda pwani, mketishe mtoto upande wa kulia. Ukikaribia Emali, kama mawingu hayajapanda, ataona Kilimanjaro. Jua likipanda mlima unajifunika, na mtoto uliyemwahidi mlima atakulilia mpaka Voi. Vilima vya Chyulu havijifichi sana, muonyeshe hivyo. Halafu mpeleke kushoto naye aone watu wa kwetu: mashamba ya Makueni, mito ya mchanga isiyo na maji, punda wamebeba mitungi, na mama amesimama na jembe akingoja treni ipite ndipo ainame tena. Watoto humpungia mkono huyo mama. Kuna wazazi huwakataza, wanasema keti vizuri. Sijui hao walimleta mtoto kufanya nini.

Mbuga inaanza Mtito Andei. Udongo pale ni mwekundu na ndovu wamejipaka, kwa hivyo mtoto aliyefundishwa kitabuni kwamba ndovu ni wa kijivu hatamwona hata akiwa mbele yake. Mwambie atafute kichuguu kinachotembea. Na simu weka mfukoni. Niliwahi kumwona baba mmoja amesimama dirishani anapiga picha ndovu watano, mtoto wake yuko nyuma yake anaruka. Ndovu walipoisha baba akageuka, "Umewaona?" Alichoona ni kiwiko cha baba yake.

Machungwa yamenyeni nyumbani. Mayai ya kuchemsha msilete, mnajua wenyewe kwa nini. Soda mpe mtoto akishuka, si akipanda. Mwisho wa behewa kuna bomba la maji moto ya chai, na mtoto anaona bomba kama mabomba mengine, kwa hivyo ukisikia mkono wako hauna mkono wa mtoto, anza kutafuta hapo. Anayetapika, mketishe akitazama mbele tunakokwenda, atazame mbali, kwenye vilima, si chini kwenye katuni. Akitapika hata hivyo, usifiche kwa gazeti. Niite. Matapishi mabichi ni kazi ya dakika mbili, yaliyofichwa ni kazi ya siku nzima.

Na nyinyi wasichana, mtu akikuita kwa matapishi usikunje uso. Mtoto anatazama uso wako kujua kama amefanya kosa kubwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nzioka, wa treni ya zamani. Alikuwa mtu mfupi, na sauti yake ilikuwa chini sana mpaka ulilazimika kunyamaza ndipo umsikie. Treni ile ilikwenda polepole, madirisha yanafunguliwa, na kila stesheni watu walikuwa chini na mabeseni ya ndizi na mahindi ya kuchoma. Mtoto alisafiri na pua yake pia, si macho peke yake. Hii mpya ni safi na ina haraka, lakini dirisha halifunguki. Sisemi ni mbaya. Nasema mtoto wa siku hizi anaiona nchi kama iko ndani ya televisheni, na ni kazi ya mzazi kumwambia kwamba yule mbuzi ni mbuzi wa mtu.

Choo cha treni ya zamani kilikuwa na tundu. Kila kitu kilianguka kwenye reli. Kwa hivyo kulikuwa na sheria: kabla ya kuingia stesheni yoyote, vyoo vyote vinafungwa kwa nje na ufunguo wa pembe nne, na vinafunguliwa treni ikishaondoka. Vinginevyo ungechafua mahali watu wanaposimama kuuza ndizi. Mzee Nzioka alinipa ufunguo wangu siku ya kwanza, akanionyesha.

"Usigonge mlango," aliniambia. "Mtu akigongewa mlango wa choo anaruka kama ameshikwa akiiba. Kohoa. Ukijibiwa, ngoja. Usipojibiwa, funga."

Hilo sikuhitaji kufundishwa. Nyumbani, upande wa Kitui nilikozaliwa, choo kilikuwa nyuma ya ua, na mlango wake ni gunia. Gunia huligongi. Unatembea, ukiwa hatua kumi unakohoa. Aliye ndani anakohoa. Unageuka unatazama kuku mpaka atoke. Hakuna mtu aliyesema neno, hakuna aliyeona haya. Mtoto alijua kukohoa chooni kabla ya kujua kuhesabu. Na treni ile ilibeba watu kama sisi, kwa hivyo nilikohoa miaka yote hiyo katika milango yote hiyo, na sikumfungia mtu hata mmoja.

Treni mpya ilipokuja, tulioajiriwa tena hatukuwa wengi. Tulivishwa aproni, tukapewa tena ufunguo wa pembe nne wa dharura, tukafundishwa dawa gani ni ya sakafu na gani ni ya kioo. Choo cha hii kina tangi, hakimwagi chini, na tuliambiwa waziwazi hakuna haja ya kufunga stesheni. Nilisikia. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini treni ikianza kupunguza mwendo, mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nilijiambia nafunga ili nipige deki watu wakipanda wakute pasafi. Ukweli ni kwamba sikujua kuingia stesheni na mlango wazi.

Watu wa kwetu wanajua niliteremshwa kutoka kwenye treni nikapewa ufagio wa stesheni kwa sababu ya magoti. Magoti yanauma, sikatai. Lakini hayakuwa magoti.

Siku hiyo alipanda mama mmoja kijana, mtoto mchanga mgongoni na msichana wa miaka sita mkononi. Msichana alikuwa na sweta jekundu na suruali ya jinzi yenye kifungo kigumu, zile mnazowanunulia watoto kwa sababu zinapendeza. Jina lake Mwende. Walikuwa wakienda kumwona baba yake anayefanya kazi Mombasa. Nilipita na tambara nikamsikia mtoto akiuliza, "Ndovu watakuja upande huu ama ule?" na mama yake akisema, "Wataona sweta lako waje wenyewe." Nikamkemea kimoyomoyo. Nilishasema kuhusu ahadi.

Kabla ya Kibwezi mtoto akataka choo. Mama alikuwa akimnyonyesha yule mchanga, na choo kilikuwa hatua chache, akamwonyesha mlango. "Nenda. Usijifungie ndani, utashindwa kufungua. Rudisha mlango tu." Ni maneno mazuri, hata mimi ningesema hayo. Lakini choo hicho kilikuwa na mtu. Mtoto akangoja, akabanwa, akaona mlango mwingine wazi ng'ambo ya pale mabehewa yanapoungana. Akavuka. Akaingia choo cha behewa la pili, akarudisha mlango bila kufunga, kama alivyoambiwa.

Treni ikapunguza mwendo. Mimi nikaja na ufunguo. Alama ya mlangoni ilionyesha hakuna aliyejifungia. Nikakohoa. Kimya. Nikafunga, nikaenda na ndoo yangu upande wa pili.

Tulisimama Kibwezi. Kwenye behewa lao, mama akaona mtoto amekawia. Akaenda chooni, akakuta mzee fulani anatoka, ndani hakuna mtoto. Akauliza watu. Mwanaume mmoja akamwambia, kwa nia njema, "Nimeona mtoto wa sweta jekundu ameshuka na wale watu." Watoto wa sweta jekundu ni wengi. Lakini wewe ungefanyaje? Alishuka mbio, mchanga mgongoni, mkoba na simu vimebaki kitini. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka. Waliokuwa dirishani walimwona akikimbia kando ya treni akipiga bodi kwa kiganja, halafu akabaki nyuma.

Mimi sikujua lolote. Treni ilipochukua mwendo nilikwenda kufungua vyoo vyangu, kama zamani. Nikafungua ule, nikamkuta.

Hakuwa analia. Alikuwa amesimama ameegemea sinki, ameishika suruali kwa mkono mmoja kwa sababu kifungo kilimshinda, na mkono wa pili ulikuwa mwekundu kwa kupiga mlango. Sikumsikia. Na mkono mmoja wa mtoto, katika kelele za breki na matangazo, nani angemsikia.

"Mlango umekataa," akaniambia.

Nikamfunga kifungo. Nikampeleka kwenye behewa lao, nikakuta watu wamesimama, wanaongea wote, na kiti cha mama yake kina mkoba peke yake.

Kiongozi wa treni siku hiyo alikuwa Kyalo, kijana wa umri wa mwanangu, mwenye heshima. Alikuwa ameshapigiwa simu kutoka Kibwezi kwamba kuna mama pale amekaa chini na hasemezeki. Akaniona na mtoto, akashusha pumzi.

"Mama, umempata wapi?"

"Chooni. Behewa la pili."

"Alijifungia?"

Mtoto alinishika aproni. Watu wote walikuwa wananitazama. Nilifikiria ufunguo ulio mfukoni, na yale tuliyoambiwa kwamba hakuna haja ya kufunga, na umri wangu, na kwamba wa umri wangu waliobaki kazini walikuwa wachache.

Nikasema, "Watoto."

Neno moja. Sikusema ndiyo, sikusema la. Kyalo akaandika katika daftari lake kwamba mtoto alijifungia chooni na mama akashuka bila kuangalia vizuri. Na wale abiria, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wanamhurumia, wakaanza. "Wamama wa siku hizi." "Kazi ni simu tu." "Mtoto wa miaka sita unamtuma chooni peke yake?" Nami nikawa nimesimama pale. Maneno hayo nilikuwa nayasema kila siku mimi mwenyewe, kila nikipata nepi chini ya kiti. Siku hiyo nilisikia yanavyosikika.

Kyalo akaamua nishuke Mtito Andei na mtoto na mkoba, nimngoje mama aletwe kwa barabara, halafu wapande treni itakayofuata. Kwa hivyo ikawa mimi na Mwende, kwenye kiti cha kungojea, madereva wa malori wakipiga honi kule barabarani.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Ikalia tena. Mwende akaitoa. "Ni daddy." Nikaishika.

Nikamwambia mimi ni mfanyakazi wa treni, mtoto yuko salama, niko naye, mama yake yuko njiani. Alishukuru. Halafu akauliza nini kilitokea.

"Mtoto alikuwa chooni," nikasema. "Mama yake akafikiri ameshuka, akashuka kumtafuta."

"Bila kuangalia choo?"

Nikamvutia Mwende sweta lake mabegani.

"Mama, nisikie," akasema. Hakuwa anapiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Mwaka jana mama yake huyu huyu alimpoteza sokoni. Nilinyamaza. Leo ni treni. Mimi niko mbali, siwezi kulala nikifikiria. Wakifika hapa, nitamchukua Mwende nimpeleke kwa mama yangu Tseikuru. Akae huko, asome huko. Mama yangu hajawahi kupoteza hata mbuzi."

Akakata.

Nyinyi hamjui Tseikuru. Mimi naijua, nina ndugu huko. Ni mwisho wa Kitui, ng'ombe na mbuzi na miiba, watu wazuri kabisa. Lakini kutoka Nairobi mpaka huko mama asiye na uwezo ataenda mara ngapi kwa mwaka kumwona mtoto wake? Nilikaa na ile simu mapajani. Nilijua mtu mmoja tu duniani angeweza kuzuia safari hiyo ya Tseikuru, na nilijua anaitwa nani.

Mwende alikuwa amekaa amebana miguu. Nilipomtazama vizuri nikaona anatetemeka.

"Unataka choo."

"Sitaki."

"Unataka."

"Kina mlango," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyoifanya. Alitoka kwenye kile choo cha treni bila kujisaidia, kifungo kilimchelewesha kufunguka halafu hofu ikamzuia, na sasa alikuwa tayari kupasuka kuliko kuingia chumba chenye mlango. Nikampeleka mpaka nje ya choo cha stesheni. Akasimama kama mbuzi mbele ya maji.

"Shosho, nani alinifungia?"

"Mimi si shosho, mimi ni susu. Shosho ni bibi wa Nairobi." Nilikuwa natafuta muda. Halafu muda ukaisha. "Ni mimi."

Akanitazama. "Kwa nini?"

"Sikujua uko ndani."

"Si ungeuliza."

"Niliuliza. Nilikohoa."

Akafikiri. "Nilikusikia. Nilidhani uko na homa."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na kabla sijamaliza kucheka machozi yalikuwa yamefika. Miaka yote ile nilidhani nauliza. Na huyu mtoto wa nyumba za ghorofa, aliyekua na choo cha kuvuta maji na mlango wa mbao, angejuaje kwamba kikohozi cha mtu asiyemjua ni swali?

Nikainama mpaka macho yetu yakawa sawa, magoti yakilia. Nikamweleza choo cha gunia. Nikamweleza hatua kumi, na kuku. Nikamwambia, "Mlango huu hatutaufunga. Utabaki wazi kiasi cha kidole. Mimi nitasimama hapa. Nikikohoa, wewe unakohoa. Wewe ukikohoa, mimi nakohoa. Ukisikia nimekohoa, ujue hakuna mtu anayeweza kufunga, kwa sababu mimi niko mlangoni."

"Na ukienda?"

"Siendi."

Akaingia. Nikakohoa. Kimya, halafu kikohozi kidogo cha uongo, kama cha paka. Nikakohoa. Akakohoa. Tulikohoa hivyo mpaka mlinzi wa pale akaja kuuliza kama tunahitaji dawa. Mtoto akatoka ameshika suruali, nikamfunga kifungo, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Mama yake alifika kwa basi la Mombasa, konda akamshusha langoni. Viatu vilikuwa mkononi. Hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele ya mtoto akaanza kumhesabu: vidole, masikio, akamfungua mdomo akatazama meno, sijui alidhani yamekwenda wapi. Yule mchanga mgongoni alikuwa amelala. Kisha akanigeukia mimi, akanishika mikono yote miwili.

"Mama, Mungu akubariki. Mungu akubariki sana. Kama si wewe."

Nimefungiwa nje, nimefukuzwa, nimezika mume. Hakuna kitu kilichowahi kunichoma kama ile asante.

Kabla sijafungua mdomo simu ikalia, na mtoto akampa. Nilisimama hapo nikamsikia akijibu. "Ndiyo. ... Ndiyo, Baba Mwende. ... Najua. ... Ni makosa yangu. ... Hapana, tafadhali, si Tseikuru, tafadhali. ... Ndiyo. Niliangalia choo. ... Sijui. Labda sikuangalia vizuri. ... Ndiyo. Ni makosa yangu."

Nyinyi wasichana, sikieni. Mtu aliyekimbia kando ya treni na mtoto mgongoni alikuwa anaanza kuamini kwamba hakuona alichokiona. Aliangalia choo. Choo kilikuwa kitupu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na ukweli wake mfukoni, chuma cha pembe nne.

Nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Alinipa kwa kushangaa.

"Baba Mwende," nikasema. "Ni yule mfanyakazi. Mtoto hakujifungia. Mimi ndiye nilimfungia kwa nje. Mama yake alimtuma choo cha karibu, kikawa na mtu, akaenda cha pili. Mama aliangalia pale alipomtuma, na pale hakuwepo. Hakuna kosa alilofanya. Mimi nilifunga mlango ambao niliambiwa hauna haja ya kufungwa, na sikufungua nikaangalia ndani."

Nikasikia mashine zinalia huko kazini kwake.

"Na mbona hukuniambia saa ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mama?"

"Kazi yangu."

"Kwa hivyo ungeacha nimpeleke mtoto Tseikuru."

Ningesema hapana. Lakini nilikuwa nimechoka kusema nusu. "Sijui," nikamwambia. "Labda ningeacha. Mama yake ameninyima nafasi ya kunyamaza kwa kunishukuru."

"Mpe simu," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. Nikampa mkewe, nikasogea. Waliongea kidogo. Sikusikia yote, lakini Tseikuru haikutajwa tena, na mwisho nilimsikia akisema, "Sawa. Utatungoja stesheni?" kama mtu anayemuuliza mumewe na si hakimu.

Nami nikampigia Kyalo palepale, kabla ujasiri haujapoa. Nikamwambia afute alichoandika, aandike nitakayomwambia. Akasema, "Mama, unajua nikiandika hivyo itakuwaje." Nikamwambia najua, andika. Wiki iliyofuata nilipewa ufagio wa stesheni na ufunguo wangu ukachukuliwa. Magoti ni mimi niliyeyaleta baadaye, watu walipouliza.

Mama Mwende alirudi kwenye kiti akakaa, mwisho mwingine wa kiti, mbali na mimi. Nikaenda nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea.

"Nisamehe," nikasema.

Alikuwa anamfunga yule mchanga upya kwa leso. Alimaliza kwanza. Alikaza fundo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Na mimi nilikushukuru."

Basi. Hakuongeza, na mimi sikudai. Kuna vijana siku hizi wanafikiri ukishasema nisamehe, mwenzako amepewa kazi na ni lazima aifanye mara moja. Hapana. Ile kazi yako umeimaliza. Yake ataifanya akitaka, siku akitaka, na asipotaka ni haki yake.

Kwa hivyo, wewe unayesafisha: kikohozi waachie watu wa kwetu. Gonga mlango. Ita kwa sauti. Ukinyamaziwa, sukuma, ingiza kichwa, halafu tazama chini, kwa sababu mtoto hakai mahali macho yako yalipozoea kutazama. Na wewe mzazi, usimtume mtoto chooni, mpeleke, hata kama mchanga ananyonya. Mchanga ananyonya akitembezwa pia. Na mtoto akikwambia mlango umekataa, usiseme "watoto."

Treni yao ilipotangazwa, Mwende akasema anataka choo tena. Mama yake akainuka naye. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo niliyokuwa nimeazima, nafanya kama nasafisha, hatua kumi hivi kutoka pale. Mtoto akaingia akauacha mlango wazi kiasi cha kidole. Mama akasimama nje.

Ndani kukasikika kikohozi.

Nilinyamaza. Haikuwa nafasi yangu tena.

Kikaja cha pili, kikubwa kidogo, na sauti yake ilikuwa imeanza kuingiwa na wasiwasi. Mama Mwende akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu ile simu. "Anakohoa nini?"

"Anauliza kama kuna mtu mlangoni," nikasema. "Mjibu."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaugeukia mlango, akaweka mkono kifuani, akakohoa.